Swichi ya Mkwe Wangu

Jumanne, 4 Machi

Swichi imeshuka saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mvua: ndiyo. Vilivyokuwa vimewashwa: friji, redio, taa ya jikoni.

Naandika kwa sababu nimeambiwa niandike. Aliyeniambia ni mkwe wangu, mume wa binti yetu, fundi umeme. "Baba," kasema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi kabla hajakosa, "naomba kila ikishuka uandike saa, hali ya hewa na kilichokuwa kimewashwa. Baada ya wiki chache daftari litatuambia lenyewe." Jamani! Mimi ndiye wa kufundishwa kuandika? Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye mizani ya malori, naandika uzito wa kila gari lililopita barabara ile. Dereva anatoa macho, tajiri wake anapiga simu, na mimi naandika kilichosemwa na mizani, basi. Haya. Daftari ninalo, kalamu ninayo, na tangu nistaafu muda ninao wa kugawa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa kumi na mbili mkwe alikuja na kiboksi cheupe, akakifunga ukutani pembeni ya mita. Swichi ya usalama, kasema. Umeme ukivuja hata kidogo mahali usipotakiwa, yenyewe inashuka na kuzima nyumba nzima kabla mtu hajaumia. Nilishukuru, zawadi ni zawadi. Lakini umeme wa nyumba hii niliufunga mwenyewe, kwa mikono hii, miaka kumi na minane iliyopita, na haujawahi kunisumbua hata siku moja. Sasa kimekuja kidude, mvua ya kwanza tu, giza. Nani mwenye kosa hapo?

Humu daftarini nitamwita Mkimya, maana akikaa kwetu saa nzima anasema maneno kumi, na manne kati ya hayo ni "asante, Mama" mara mbili. Jina hili ni la humu tu. Hata mke wangu halijui.

Jumatano, 5 Machi

Haikushuka. Jua.

Alhamisi, 6 Machi

Haikushuka. Jua. Mke wangu ameuliza kwa nini naandika hata siku isiyo na kitu. Nimemwambia lori tupu nalo hupimwa. Amesema, "Haya, bwana mizani," akaendelea kukunja nguo.

Jumapili, 9 Machi

Imeshuka saa tatu asubuhi, saa tatu na robo, na saa nne kasoro dakika kumi. Mvua ya kumwaga.

Nimeamua kumkamata mwizi mwenyewe. Nimechomoa kila kitu: friji, pasi, redio, feni, hata chaja ya simu ya mke wangu, na hapo tumegombana kidogo. Nimepandisha swichi. Imekaa dakika sita, ta! Hakuna kilichochomekwa na bado imeshuka. Kwa hiyo si friji wala si pasi. Ama ni nyaya zangu, ama ni kidude chenyewe. Mimi nasema ni kidude. Mke wangu anasema yeye hajui, ila nyama iliyomo kwenye friji nayo inasubiri jibu.

Jumatano, 12 Machi

Haikushuka. Mawingu tu.

Binti kapiga simu. Mtoto anatarajiwa mwisho wa mwezi wa nne. Akishajifungua atakuja kukaa kwetu miezi miwili, maana wao wanaishi ghorofa ya nne bila lifti, na mumewe mara nyingi yuko mbali kwenye majengo. Atalala chumba cha nyuma. Mke wangu ameshafua mapazia ya chumba hicho mara mbili, utadhani mtoto atakuja kukagua.

Nimemwahidi binti taa pembeni ya kitanda, feni, na soketi ya birika la maji ya mtoto.

"Baba, umeme hautakuwa unazimika-zimika?"

"Nani kakwambia unazimika?"

"Mama."

"Mama yako ana mdomo. Chumba kitakuwa tayari."

Sijawahi kumwahidi mtoto huyu kitu nikashindwa kukitimiza, tangu yuko mdogo. Hilo ndilo linaloniweka roho juu.

Jumamosi, 15 Machi

Imeshuka saa mbili asubuhi. Mvua.

Mkimya kaja saa nne, kalowa chepechepe. Shikamoo mbili, chai moja, kisha kafungua begi la vifaa. Lazima niseme kweli: begi limepangika. Kila bisibisi na mfuko wake. Mimi zangu zinakaa kwenye ndoo.

Nyumba yetu ina fyuzi tatu: ya jikoni, ya vyumba vya mbele, na ya chumba cha nyuma. Kazichomoa zote, kapandisha swichi yake. Imekaa. Karudisha ya jikoni. Imekaa. Ya mbele. Imekaa. Ya nyuma: imeshuka kabla hajaondoa mkono.

"Ni huku nyuma, Baba." Basi, hayo tu. Hakusema "umeona, si swichi yangu". Ningekuwa mimi ningelisema mara nne.

Tumeingia chumba cha nyuma. Kafungua soketi, kafungua swichi ya taa, kapanda kiti kuangalia balbu. Kote kukavu. Halafu kaweka kiganja ukutani, hapo inaponing'inia picha yetu ya harusi yenye fremu ya chuma, akakiacha hapo kwa muda kama daktari.

"Ukuta umenywa maji," kasema. "Baba, humu ndani kuna kiungo chochote cha waya?"

"Hakuna. Waya mmoja mzima, kutoka darini mpaka kwenye soketi."

Kaniangalia. "Sawa, Baba."

Fyuzi ya nyuma kaiacha nje, kaiweka juu ya mita. Anaomba isirudishwe mpaka atakaporudi. Ana kazi ya jengo huko mbali, wiki tatu au nne. Kanywa chai ya pili, "asante, Mama", akaondoka.

Jumapili, 16 Machi

Haikushuka. Mvua ndogo.

Jana nimeandika kwamba nilimjibu "hakuna". Ndivyo nilivyojibu. Lakini miaka thelathini na moja sijawahi kuandika uzito wa uongo, na sitaki kuanza nikiwa na mvi. Uzito halisi ni huu: kipo.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Kesho yake tunahamia, gari la kubeba vyombo limeshapangwa. Nimeshusha waya kutoka darini, ukaishia usawa wa macho yangu, na soketi iko usawa wa kiuno. Umepungua mkono mzima. Maduka yamefungwa. Nikachukua kipande kilichobaki, nikasokota shaba kwa shaba, nikazungushia tepu nyeusi, nikafukia kwa saruji. Lipu ikakauka vibaya, ikatoa kinundu kama cha mtu aliyejigonga mlangoni. Mke wangu alipouliza, nikamwambia ukuta unapumua. Halafu nikapiga msumari na kutundika picha ya harusi papo hapo. Tangu siku hiyo kila mgeni anaisifia ile picha.

Sasa kwa nini nisimwambie Mkimya? Kwa sababu ya mdomo wangu. Siku alipokuja kujitambulisha kwetu kama mchumba, nilimkalisha sebuleni, nikamuuliza, "Wewe ni fundi. Fundi mbaya unamjuaje?" Akafikiri weee, akasema hajui. Nikajibu mwenyewe, mbele ya shangazi zake wawili: "Kwa kiungo alichokizika ukutani. Mtu anayezika kiungo usimpe binti yako." Shangazi wakacheka, nami nikajiona bingwa. Na picha ilikuwa chumba cha pili tu kutoka pale tulipokaa.

Jumatatu, 17 Machi

Haikushuka. Mvua. Chumba cha nyuma giza.

Alhamisi, 20 Machi

Haikushuka. Mvua. Mke wangu anaingia chumba cha nyuma na tochi, anatoka na tochi, hasemi kitu. Ningependa aseme.

Jumanne, 25 Machi

Haikushuka. Mawingu.

Nimepata wazo. Adui ni maji. Nikiyazuia maji nitakuwa nimezuia yote, na hapatakuwa na haja ya mtu kuvunja ukuta wala kuuliza maswali. Nimepanda ngazi mpaka kwenye mfereji wa paa. Umeziba kwa majani na mpira wa tenisi uliooza, na maji yote yalikuwa yanamwagika ukutani, sawasawa juu ya picha.

Mke wangu kashika ngazi. "Ukianguka nitawaambia ulisukumwa na ubishi."

"Ubishi gani? Fundi ni huyu huyu."

"Fundi tunaye. Yuko safarini."

Nimejitia sijasikia. Nimezibua mfereji na kuziba nyufa kwa lami.

Jumapili, 30 Machi

Jua siku nne mfululizo. Nimezima meni, ile swichi kubwa ya kwenye mita, nimerudisha fyuzi ya nyuma, nimewasha. Imekaa! Taa inawaka, feni inazunguka. Nimefurahi mpaka nikapika chai mwenyewe, nikamletea mke wangu kitandani. Kaniuliza nimevunja nini.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua na upepo tangu alfajiri. Imeshuka saa mbili. Nimeipandisha, imeshuka. Nimeipandisha tena, imeshuka. Nimetoa fyuzi. Furaha yangu imedumu siku tatu.

Jumamosi, 5 Aprili

Haikushuka. Mvua.

Mkimya kapiga simu kutoka huko kwenye jengo. "Daftari linaendeleaje, Baba?"

"Linaendelea."

Kisha kasema, "Baba... kama kuna kitu umekikumbuka."

Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Nikakaa na simu mkononi, uso unanichoma. Kijana anajua. Alijua tangu alipoweka kiganja ukutani. Na badala ya kunivunjia heshima ndani ya nyumba yangu, amenipa nafasi ya pili ya kusema, kwa upole, kutoka huko mbali. Mimi nimeikatia simu. Nilikuwa nadhani ukimya wake ni kukosa la kusema.

Jumanne, 8 Aprili

Haikushuka. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mtoto hakusubiri mwisho wa mwezi! Kazaliwa leo saa tano asubuhi, wa kike, mdogo lakini mzima, na sauti anayo. Mama yake hajambo. Mkimya kaacha kazi huko, kasafiri, kafika hospitali mchana. Jumamosi wanatoka, na wanakuja moja kwa moja hapa.

Mke wangu kacheza mwenyewe jikoni. Mimi nimecheka naye, kisha nikaenda kusimama chumba cha nyuma. Giza tupu. Siku tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa. Nimefanya jambo.

Nimezima meni, nimefungua kile kiboksi cheupe, nimeunganisha nyaya zinazoingia na zinazotoka bila kupitia ndani yake. Nimekiruka. Kipo ukutani lakini hakina kazi, kama mlinzi aliyepewa likizo. Fyuzi ya nyuma nimeirudisha. Nimewasha taa, feni na birika, vyote kwa mpigo, na mvua inatwanga bati. Hakuna kilichozimika.

Mke wangu kapiga makofi. "Umeweza, mzee wangu! Kumbe tatizo lilikuwa nini?"

"Swichi ya mkwe," nikasema, nikimtazama machoni.

Jioni nimefungua daftari na sijui niandike nini. Haikushuka, hilo ni kweli. Lakini haikushuka kwa sababu haiwezi.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika yote.

Mvua haijakatika tangu jana. Saa tatu asubuhi mke wangu alikuwa chumba cha nyuma anapangusa vumbi, miguu mitupu, sakafu ina unyevunyevu, kitambaa kimelowa mkononi. Kitanda kidogo cha mtoto tulichoazima kwa jirani alikuwa ameshakiweka chini ya picha, ili mtoto akifumbua macho atuone sisi kwanza. Mimi niko sebuleni na redio yangu. Nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake katika miaka yote ya ndoa. Haikuwa kelele, ilikuwa pumzi iliyokatwa. Kisha kishindo.

Sijui nilifikaje kwenye mita. Meni niliishusha kwa ngumi. Nilipoingia chumbani nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda kikubwa, mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto. Midomo haina rangi. Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Usipige kelele, nakusikia." Nikalia. Naandika wazi, nililia mbele yake, na yeye aliyepigwa ndiye akanishika bega.

Alikuwa anapangusa fremu ya picha. Umeme ulimrusha. Ungemng'ang'ania, leo nisingekuwa naandika.

Tumekwenda zahanati. Muuguzi kampima mapigo ya moyo mara mbili, kafunga kidole chenye alama nyeupe ya kuungua, kasema yuko salama ila apumzike, na akizidiwa tumrudishe mara moja. Tulipofika nyumbani mke wangu akaketi sebuleni, akaniambia nikae.

"Mzee. Nyuma ya picha yangu kuna nini?"

Nikamwambia. Waya uliopungua, tepu, saruji, msumari. Nikamwambia nilivyomjibu mkwe alipouliza, na nilivyoiruka swichi jana na kumsingizia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Ukuta unapumua," akasema. "Miaka kumi na minane nawaambia watu ukuta wetu unapumua."

Ningetamani anitukane.

"Na kesho mtoto angelala pale chini," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Akanisukumia simu mezani.

Nikapiga. Mkimya akapokea upesi. "Shikamoo, Baba."

"Kipo," nikasema. Hata salamu sikuitikia. "Kiungo. Kipo nyuma ya picha, nilikizika mimi mwenyewe. Na swichi yako niliiruka jana. Leo Mama yako amepigwa na umeme."

"Mama yuko wapi sasa?"

"Yuko hapa. Muuguzi kamwona. Hajambo."

"Meni imezimwa?"

"Nimeizima."

"Nakuja."

Aliuliza habari za Mama, akauliza habari za meni. Kuhusu kiungo hakuuliza kitu.

Kafika saa nane mchana na shati la jana, macho mekundu kwa kukosa usingizi wa hospitali. Alianza kwa mke wangu. Akachuchumaa mbele yake, akakitazama kile kidole, akasema, "Pole sana, Mama." Ndipo akaingia chumba cha nyuma, akaipima fremu kwanza, akaitoa picha, akanipa tindo na nyundo. "Wewe unapajua, Baba."

Nikavunja. Lipu ilitoka laini kama uji uliopoa. Kikaonekana. Shaba imeota ukijani, tepu imelegea, na msumari wangu umepita katikati ya tepu, ubavu wake umegusa shaba. Miaka yote hiyo picha ya harusi yetu ilikuwa inaning'inia kwenye kiungo chenyewe. Ukuta ukiwa mkavu, umeme haukuwa na pa kupita. Ukuta ukilowa, unatambaa.

"Kwa hiyo kila masika?" nikamuuliza.

"Kila masika, Baba. Ila hapakuwa na kitu cha kushuka."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Watu waliolala chumba hiki niliwahesabu mmoja mmoja kichwani: binti yangu mpaka alipoolewa, shemeji, marehemu dada yangu. Mkimya aliuchomoa ule msumari kwa koleo, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia kwa makini sana.

"Baba," akasema, "ungepima kwa rula usingelenga hivi."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ametania. Mke wangu, huko sebuleni, ndiye aliyecheka kwanza.

Halafu, akiwa anakwangua shaba mpaka ing'ae, akasema mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. "Ile siku uliponiuliza kuhusu fundi mbaya, nilikuwa najua jibu. Niliogopa kulisema. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilizika kimoja, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Uliposema vile mbele ya shangazi, nilidhani umeniona moyoni."

"Ukafanyaje?"

"Wiki ile ile nilirudi kwake, nikamwambia, nikavunja ukuta, nikatengeneza upya."

"Akasemaje?"

"Alinifukuza. Baada ya mwezi akaniita nimfungie jiko."

Kumbe nilimpa binti yangu mtu aliyekwenda kuufukua uongo wake ndani ya wiki moja, na mimi wangu nimeufunika kwa fremu miaka kumi na minane. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikamshikia tochi.

Mahali pa kiungo ameweka boksi lenye mfuniko mweupe wa skrubu mbili, liko nje, kila mtu analiona. Akaingiza nyaya kwenye viunganishio, kisha akanikabidhi bisibisi. "Kaza wewe, Baba." Nikakaza. Akavuta waya mmoja baada ya mwingine. Wa tatu ukatoka. "Rudia." Nikarudia. Akavuta tena, ukakaa.

Swichi yake ameirudisha kazini. Akabonyeza kitufe cha kuijaribu, ikashuka. Akaipandisha. Fyuzi zote ndani, mvua nje, ikakaa.

"Naomba isirukwe tena," akasema. "Hata ikikosea."

"Haijawahi kukosea," nikasema.

Jumamosi, 12 Aprili

Haikushuka. Mvua. Wamefika saa sita. Mtoto ana vidole virefu. Amelala chini ya feni, saa mbili nzima, na mimi nimekaa kwenye kiti mlangoni saa mbili hizo hizo.

Jumatano, 16 Aprili

Haikushuka. Mvua.

Mke wangu anataka picha irudi mahali pake, ifunike ule mfuniko mweupe. Anasema ukuta umekuwa kama wa ofisi. Nimekataa. "Acha paonekane." Kanitazama, kisha akaibeba picha mwenyewe kwa mkono wake mzima na kuipeleka sebuleni. Tumeitundika kwenye ukuta wa mbele usio na waya wowote. Mkimya kaupima kwanza kwa kipimo, mara mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Haikushuka. Binti kaniuliza kwa nini boksi liko ukutani nje nje. Nimemweleza yote, tangu mwanzo. Kasema, "Mimi nililala pale miaka kumi, Baba." Nikasema najua. Jioni alinipa mtoto nimshike wakati yeye anaoga, na hilo nimelichukua kama jibu.

Jumamosi, 3 Mei

Haikushuka. Mvua ya mawe. Nimesikiliza tu.

Jumapili, 11 Mei

Haikushuka. Mvua. Mke wangu kidole kimepona. Bado anagusa ukuta kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuuegemea. Nikimwona najisikia vibaya sana.

Jumamosi, 17 Mei

Haikushuka. Manyunyu.

Mkimya yuko nyumbani kwa mapumziko. Leo mezani kaulizia daftari. "Lile la kuandika swichi ikishuka, Baba. Ningependa kuliona, kama hutajali."

Mke wangu kaniangalia. Yeye hajalisoma, lakini hakuanza kunijua leo wala jana. Tulipobaki wawili jikoni akaniuliza, "Utazitoa kurasa ngapi?"

Nimefikiri. Humu kuna siku nilizomcheka, kuna simu niliyomkatia, kuna "hakuna" yangu na kuna lile jina. Kuchana kurasa ni kazi ya dakika moja. Lakini nilikuwa mtu wa mizani. Lori huandikwa kama lilivyopita, na sikuwahi kumpunguzia uzito mtu yeyote kwa sababu ya aibu yake.

Nampa lote. Kesho asubuhi, baada ya chai.

Jumapili, 18 Mei

Mvua kubwa tangu asubuhi. Vilivyokuwa vimewashwa: vyote. Haikushuka.

Ameandika mkwe wako,
Mkimya